Stiriki yangu inayeyuka kwa digrii 55, vitabu vinasema 69. Nimeuziwa feki?

LosheniKayole (mwanzisha uzi)

Habari zenu. Natengeneza losheni hapa Kayole, Nairobi, nauzia majirani na vibanda viwili karibu na steji. Mwezi huu nimeharibu ndoo mbili za lita 20. Moja nimeshamwaga, nyingine nimeifunika naiangalia tu. Nataka kujua kama kosa ni langu au la aliyeniuzia.

Walio kwenye hii kazi wanaijua stiriki. Jina la kwenye gunia ni asidi ya steariki, lakini mimi sijawahi kusikia mtu akiitaja hivyo kaunta. Ni vipande vyeupe vyepesi, kama sabuni iliyoparwa kwa kisu. Ukivisugua vinateleza kama poda, na vina harufu ya mbali ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nilinunua kilo tano kwenye duka la kemikali mjini, si duka langu la siku zote.

Ndoo ya kwanza nilifanya kama kawaida yangu. Mafuta, nta ya kuunganisha na stiriki kwenye sufuria, jiko la gesi, vikayeyuka vikawa maji. Nikamimina kwenye ndoo ya maji yenye glisirini na TEA (triethanolamini, ile alkali pole ya kutengenezea losheni), nikakoroga mpaka bega likauma. Badala ya losheni nikapata kitu kama uji wa semolina uliopoa. Chembe nyeupe ndogondogo, ukijipaka zinakaa juu ya ngozi kama umejimwagia chumvi. Ndoo ya pili hivyo hivyo.

Nikanunua kipimajoto. Nikatia stiriki kidogo kwenye glasi, glasi ndani ya sufuria ya maji, nikapasha polepole. Kufika 54 ikaanza kulainika, 56 ikawa wazi kama maji ya mvua. Kila nilipotafuta naambiwa 69. Digrii 14 zimeenda wapi?

Nikarudi dukani. Kijana akaniambia, "Mama, hiyo imekamuliwa mara tatu, hakuna ya juu kuliko hiyo," akaendelea na chai yake. Imekamuliwa nini sasa? Naombeni msaada.

DukaLaKona

Feki hiyo. Mjini wanachanganya na nta ya mishumaa ili kilo ziongezeke. Pole sana mama.

Mtungi_Pipeline

Nairobi ukinunua kitu na hakijachanganywa, rudi ukaulize kama wamekosea.

MishumaaUmoja

Mimi natumia stiriki miaka sita kwenye mishumaa, na sijawahi kupata ya 69. Zote zinayeyuka hapo kwenye 55. Kwa hivyo ama sisi wote tumeuziwa feki miaka yote hii, ama kuna kitu hatujui. Tumsubiri mwalimu.

MwalimuWaMaabara

Mwalimu amefika, alikuwa anasahihisha.

Dada, hujauziwa feki, angalau si kwa hicho kipimo chako. Hiyo 69 ni ya asidi ya steariki tupu, iliyosafishwa mpaka hakuna kingine ndani. Ile ya gunia karibu nusu yake ni ndugu yake, asidi ya palmitiki. Steariki ina kaboni 18 zilizojipanga mstari mmoja, palmitiki ina 16. Palmitiki tupu inayeyuka kwa 63 hivi.

Najua swali linalofuata: kama moja ni 69 na nyingine ni 63, mchanganyiko si ungekuwa 66? Haiko hivyo. Chukua fito za urefu mmoja uzifunge mzigo, zinabanana vizuri, kuzitoa ni kazi. Sasa changanya fito ndefu na fupi, mzigo haukazi, ukiutikisa kidogo unaachana. Molekuli za mafuta nazo hujipanga ubavu kwa ubavu zikiganda. Ukichanganya urefu mbili, zinaachana kwa joto dogo kuliko ambavyo kila moja ingeachana ikiwa peke yake. Ndiyo maana nusu kwa nusu inashuka mpaka 55 hivi. Kipimajoto chako kiko sawa, na kijana wa dukani hakukudanganya.

Kuhusu kukamuliwa. Mafuta ya ng'ombe yakishapasuliwa, zinatoka asidi kadhaa zikiwa zimechanganyika. Kubwa mojawapo ni oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya avokado. Oleiki nayo ina kaboni 18, lakini katikati imejikunja kama fito iliyopinda, kwa hivyo haipangiki. Inaganda kwa digrii 13 au 14 tu, yaani sebuleni kwako ni mafuta ya maji. Zamani viwanda vilipoza mchanganyiko ukaganda, vikaufunga kwenye vitambaa na kuukamua kwa mashine, kama mtu anavyokamua tui kwenye kifumbu. Oleiki inachuruzika, zile ngumu zinabaki kwenye kitambaa. Mkamuo wa kwanza unabaki na unjano na ulaini. Wa pili ni afadhali. Wa tatu ni mweupe, mkavu, na hauna harufu ya nyama. Siku hizi wana njia nyingine za kutenganisha, lakini jina la daraja limebaki palepale.

Sasa niambie: maji uliyomiminia yalikuwa na joto gani?

LosheniKayole

Mwalimu ubarikiwe. Maji yalikuwa ya mtungi tu. Baridi. Ya kawaida.

MwalimuWaMaabara

Hapo ndipo ulipoharibikiwa. Na kwa baridi hii ya Julai, maji ya mtungi uliolala sakafuni ni ya kuogopwa.

Stiriki yako ilikuwa maji ilipokuwa sufuriani. Ilipogusa yale maji ya baridi ikaganda papo hapo, kabla TEA haijaifikia. Ulitengeneza punje za mshumaa ndani ya ndoo, na hata ukikoroga mpaka kesho hazitayeyuka. Stiriki haiingii kwenye losheni kwa ajili ya ngozi peke yake. Kazi yake kubwa ni kukutana na TEA ikiwa bado ya maji na kugeuka sabuni laini. Hiyo sabuni, upande mmoja unapenda maji na mwingine unapenda mafuta, ndiyo inayoshika matone ya mafuta yasipande juu. Kama haikupata nafasi ya kugeuka sabuni, huna losheni.

Pasha maji yako yafike 75. Pasha na mafuta yafike 75. Mimina vikiwa vyote vya moto, koroga bila kuacha mpaka vishuke 40 hivi, hapo ndipo utie manukato na dawa ya kuzuia ukungu. TEA ikiwa nusu ya uzito wa stiriki, inatosha kugeuza karibu yote.

LosheniKayole

Zamani nilikuwa nachemsha maji kweli. Gesi ilipopanda bei nikaona niruke hiyo hatua. Mara ya kwanza, kabla ya ndoo hizi mbili, ilitoka sawa kidogo, nikadhani nimegundua njia ya mkato.

Mtungi_Pipeline

Gesi umeokoa, ndoo mbili zimeenda. Hesabu hiyo naijua, ndiyo ya nyumbani kwangu.

DukaLaKona

Sawa mwalimu, nimenyamaza. Lakini ule mchezo wa kuchanganya na nta upo. Mtu ataujuaje akiwa nyumbani?

MwalimuWaMaabara

Upo, hujasema uongo. Na kuna mkanganyiko mbaya zaidi wa majina: kuna kitu kinaitwa stearini ya mawese, kigumu, cheupe, bei ya chini. Watu huuziwa hiyo wakidhani ni stiriki. Stearini ni mafuta kamili, asidi tatu bado zimeshikana na glisirini yao. TEA haina la kufanya nayo. Losheni itajitenga hata ukichemsha maji ya nchi nzima.

Jaribio la jikoni ni hili. Chukua magadi, yaleyale ya kuivishia githeri, yeyusha kijiko kwenye kikombe cha maji ya moto. Yeyusha stiriki kando, kisha imimine humo kidogo kidogo. Ikiwa ni asidi kweli, itachemka povu, kwa sababu asidi inafukuza hewa ya kaboni kutoka kwenye magadi, na utaona maji yanageuka meupe mazito yenye utelezi wa sabuni. Ikiwa ni nta, itaelea juu kama mafuta ya supu na ikipoa utaiokota ngumu kama ilivyokuwa. Tumia sufuria yenye kina, povu linapanda ghafla. Nafanya hili na vidato vya tatu kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja anayefurikisha meza.

MishumaaUmoja

Hapo kwenye ugumu nami niseme langu.

Mshumaa wa nta ya parafini peke yake ni mlegevu. Uweke dirishani jua la saa nane, jioni umeinama kama mtu anayetafuta shilingi sakafuni. Ukiongeza stiriki gramu 100 kwa kila kilo ya nta, unasimama. Pia unakuwa mweupe kabisa badala ya ule weupe wa maji ya mchele, na ukipoa unajikunja ndani kidogo kwa hivyo unachomoka kwenye kalibu bila kupigwapigwa.

Usiku ule wa Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza, niliuza mishumaa yote ndani ya saa moja, mpaka ile iliyovunjika. Watu walikuja na tochi za simu. Mmoja alinunua vipande vitatu vya mabaki, akasema ataviyeyusha kwenye kifuniko cha soda.

Lakini kuna kosa langu la kijinga. Fundi mmoja wa Kariobangi alinichongea kalibu zenye kitako cha shaba, nzuri kweli, zinang'aa. Mshumaa wa kwanza ukatoka na kichwa cha kijani. Nikasugua kalibu, wa pili kijani tena. Mteja akaniuliza kama ni wa waganga.

MwalimuWaMaabara

Asidi inakula shaba, hata ikiwa asidi pole kama hii. Ule ukijani ni chumvi ya shaba na steariki. Tumia alumini.

MishumaaUmoja

Nilibadilisha. Zile za shaba nilimrudishia fundi, hakunirudishia pesa.

KonaYaEastleigh

Salamu alaikum. Mimi nina swali moja na ni la maana kwangu. Mmetaja mafuta ya ng'ombe. Je, hakuna ya nguruwe? Tunajipaka hizi losheni kisha tunaenda kuswali.

MwalimuWaMaabara

Waalaikum salaam. Swali zuri, na jibu halionekani kwa macho. Steariki ya nguruwe, ya ng'ombe na ya mmea ni kitu kilekile kimoja, kaboni 18, haidrojeni 36, oksijeni mbili. Hakuna kipimo cha jikoni kitakachokuonyesha ilitoka wapi.

Nyingi inayouzwa hutokana na mawese au na mafuta ya ng'ombe. Mawese yenyewe yana steariki kidogo sana, kama asilimia 4 au 5 tu. Yamejaa palmitiki na oleiki. Sasa kiwanda kinachukua ile oleiki iliyojikunja, kinaipitishia gesi ya haidrojeni pamoja na unga wa nikeli, kunjo linanyooka, na hapohapo oleiki imekuwa steariki. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyepata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa njia hiyo, 1902. Kwa hivyo ukiona gunia limeandikwa ni la mimea, mara nyingi maana yake ni hiyo.

Kwa hilo lako, omba muuzaji karatasi ya mzigo inayosema chanzo. Wauzaji wakubwa wa Industrial Area wanayo, na ya halali pia ukiuliza. Anayekupimia kwenye karatasi ya nailoni hana.

KonaYaEastleigh

Jazaka Allahu khairan. Nitadai karatasi.

KisuBurma

Mimi ni mtu wa nyama, soko la Burma hapa Nairobi. Hamjasema kitu kuhusu mafuta yenyewe na ndiyo mwanzo wa hadithi.

Si mafuta yote ya ng'ombe yako sawa. Yale ya chini ya ngozi ni laini, yanakupaka mkono. Yale yanayozunguka figo ni mengine kabisa. Ukiyashika asubuhi ya baridi yanavunjika, hayakunjiki, yanakatika kipande kama chaki yenye mafuta. Kisu kinashika utando mweupe mpaka nikichovye kwenye maji ya moto. Wazee wanaokuja kununua ya kutengenezea sabuni wanataka hayo ya figo peke yake, hata ukiwaongezea mengine bure hawachukui.

Na ya kondoo! Kula mbavu za kondoo na soda baridi uone. Mafuta yanagandia kwenye kaakaa, ulimi unakuwa kama umevaa soksi. Wanaojua wanakunywa chai ya moto au supu.

MwalimuWaMaabara

KisuBurma, umefundisha kuliko mimi. Hiyo ndiyo steariki. Mafuta ya figo yanayo nyingi kuliko ya chini ya ngozi, na ya kondoo kwa kawaida yanayo nyingi kuliko ya ng'ombe. Hata jina lake limetoka hapo: kwa Kigiriki cha kale, "stear" ni shahamu, mafuta magumu ya mnyama.

Aliyeipambanua ni Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Kabla yake watu walijua tu kwamba mafuta na majivu vinatoa sabuni, hawakujua ndani kunatokea nini. Yeye alichukua sabuni, akairudisha nyuma kwa asidi kali, akapata hizi asidi za mafuta moja moja na kuzipa majina. Kitabu chake kilitoka 1823. 1825 yeye na mwanakemia mwenzake Gay-Lussac wakachukua hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi hizo badala ya shahamu mbichi.

Kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa? Mshumaa wa shahamu ulikuwa unanuka na kutoa moshi wa kuwasha macho. Sehemu ya lawama ni ya glisirini, ambayo bado imo ndani ya shahamu. Glisirini ikiungua sana inatoa akrolini. Hiyo akrolini mnaijua: simama nyuma ya kibanda cha chipsi mafuta yakiwa yamezidi moto, ule moshi unaokutoa machozi. Toa glisirini, baki na asidi tupu, mshumaa unawaka safi. Yule mzee aliishi miaka 102, 1786 mpaka 1889, na jina lake limechongwa kwenye mnara wa Eiffel pamoja na wasomi wengine 71.

Mtungi_Pipeline

102 na alikuwa anashinda kwenye mafuta ya ng'ombe. Mimi daktari ameniambia niache hata mutura, ule utumbo uliojazwa nyama.

DukaLaKona

Sikiliza daktari.

Mtungi_Pipeline

Lakini kweli, haya mafuta magumu si ndiyo yanaziba mishipa? Mbona tunayasifu?

MwalimuWaMaabara

Hapa niende polepole, mimi si daktari. Mafuta magumu hayafanani yote mwilini. Palmitiki inajulikana kupandisha ile kolesteroli mbaya. Steariki, ingawa nayo ni ngumu, utafiti tangu miaka ya 1980 umeonyesha mara nyingi kwamba haiipandishi kwa namna hiyo. Sababu mojawapo ni kwamba mwili una kimeng'enya kinachoikunja sehemu yake na kuifanya oleiki, kinyume cha kile kiwanda kinachofanya kwa nikeli. Siagi ya kakao, karibu theluthi yake ni steariki, na ndiyo sababu mojawapo inayofanya chokoleti iwe ngumu mkononi na iyeyuke mdomoni.

Lakini hakuna anayekula steariki peke yake. Kwenye mutura inakuja na palmitiki, chumvi na pilipili. Daktari wako alikuwa anaongea kuhusu mutura, hakuwa anaongea kuhusu kaboni 18.

Mtungi_Pipeline

Nimeelewa. Nitakula nusu.

AkalaKariokor

Nimefuata huu uzi kutoka juu nikingoja mtu ataje tairi, hakuna. Mimi ninashona akala, viatu vya tairi kuukuu, soko la Kariokor. Ndugu yangu aliwahi kufanya kazi kiwanda cha mpira na aliniambia stiriki inaingia kwenye mpira wa tairi. Nikamwambia ananidanganya. Ni kweli?

MwalimuWaMaabara

Ni kweli. Mpira mbichi ni kama ubani wa kutafuna, jua linaulainisha na baridi inaukaza. Unachanganywa na salfa na kupikwa ili nyuzi zake zishikane. Salfa peke yake ni mvivu, inachukua muda. Kinachoiamsha ni oksaidi ya zinki, na zinki haiyeyuki vizuri ndani ya mpira mpaka steariki iibebe. Kiasi ni kidogo, sehemu 1 hadi 3 hivi kwa kila 100 za mpira. Ikizidi, inapanda juu na kutoka kama vumbi jeupe. Huenda umeshaona ndala mpya zina unga mweupe ambao ukifuta unarudi. Mara nyingine ndiyo huo.

AkalaKariokor

Kumbe. Basi mimi nachonga stiriki kila siku kwa kisu, na mteja anaivaa mguuni akiwa amejipaka losheni ya LosheniKayole.

LosheniKayole

😂 Nikishapata inayotoka laini.

DawaNaDozi

Niongeze ya kwangu kwa ufupi maana niko kaunta. Nyuma ya paketi nyingi za vidonge, kwenye orodha ya viambato, utakuta magnesi steareti. Ni steariki iliyounganishwa na magnesi. Mashine ya kubana vidonge inapiga unga kwa nguvu, na bila kitu cha kuteleza unga unang'ang'ania chuma, kidonge kinatoka kimebanduka uso. Huwekwa kidogo, mara nyingi karibu asilimia 1. Ukizidisha, inafukuza maji na kidonge kinachelewa kulowa tumboni. Watu huja wakiniuliza kama ni sumu kwa sababu wamesoma mtandaoni. Nawauliza jana walikula nini. Nyama choma. Basi.

MakueniKwetu

Mimi nina kero tu. Nikiwa Nairobi sabuni inatoa povu zuri. Nikienda nyumbani Makueni, maji ya kisima, sabuni ileile, povu hakuna, na beseni linabaki na duara la uchafu mweupe unaonata. Mama anasema sabuni za Nairobi ni feki. Mnaona hili neno halituishi?

MwalimuWaMaabara

Mwambie mama sabuni haina hatia, shikamoo yangu imfikie. Maji ya bomba ya Nairobi mengi yanatoka milimani, bwawa la Ndakaini na kwingineko Aberdare, ni maji mepesi. Kisima chenu kina kalsiamu na magnesi. Sabuni ya kipande sehemu yake ni steariki iliyoshikana na sodiamu, na hiyo inayeyuka. Ikikutana na kalsiamu inamwacha sodiamu na kushika kalsiamu, na hiyo haiyeyuki kabisa. Duara la beseni ni steariki yenu, imebadilisha mwenzi. Kwa hivyo sabuni ya kwanza yote inaisha kwa kupigana na maji kabla haijafika kwenye nguo. Magadi kidogo kwenye maji kabla ya kuloweka nguo yanasaidia, yanaigandisha kalsiamu kwanza. Mama pengine anajua hilo, wengi wa rika lake wanalijua.

MakueniKwetu

Nimempigia. Anajua. Ameniuliza kwa nini nilidhani anaweka magadi kwenye maji ya kufua kwa ajili ya urembo.

SheaGulu

Mimi ni Mganda nakaa Kawangware, nauza siagi ya shea kutoka kwetu kaskazini. Wateja waliozoea ya Afrika Magharibi hulalamika kwamba yetu ni laini, inayeyuka mfukoni. Wanasema nimechanganya na mafuta. Je, ni hii stiriki?

MwalimuWaMaabara

Ni yenyewe. Shea ya Afrika Magharibi ina steariki nyingi zaidi. Yenu ya upande wa Nile ina oleiki zaidi, ndiyo maana inapakika bila kupasha mikono. Usiichanganye na chochote. Waandikie tu kwenye kopo kwamba ni ya Uganda.

LosheniKayole

Narudi na majibu, nimekuwa kimya siku tatu.

Kwanza nilifanya lile la magadi. Sufuria yenye kina, kama mwalimu alivyosema, na bado lilinifurikia kwenye jiko. Povu kama maziwa yanayopanda, halafu likatulia likawa ute mweupe unaoteleza. Nikanawia mikono kwa huo ute, mikono ikatakata. Kwa hivyo stiriki ni stiriki. Leo nilipita dukani nikamwambia kijana samahani. Akaniuliza samahani ya nini, kumbe hata hakukumbuka.

Pili, ile ndoo niliyoifunika sikuimwaga. Niligawanya kwenye sufuria tatu, kila moja ndani ya sufuria kubwa ya maji, nikapasha polepole na kipimajoto ndani. Kufika 60 zile chembe zikaanza kupotea. Kufika 70 hakuna hata moja, ikawa kama maziwa. Nikakoroga kwa blenda ya mkono niliyoazima kwa jirani, nikaendelea na mwiko mpaka ikawa vuguvugu. Asubuhi nimekuta losheni. Laini, nyeupe, ina mng'ao wa ndani kama lulu.

Shida moja tu, harufu ya waridi imepotea.

MwalimuWaMaabara

Manukato yamepaa na mvuke. Na dawa ya kuzuia ukungu ilishapashwa mara ya pili, baadhi ya hizo dawa hazipendi moto. Ongeza kiasi kilichoandikwa kwenye kopo lake losheni ikiwa chini ya 40, usikisie. Kisha weka chupa moja kando wiki kadhaa uichungulie kabla ya kuuza. Na lile la alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, usiliache nyuma ukianza kupeleka madukani.

LosheniKayole

Sawa mwalimu. Karatasi za KEBS nimeanza, ni safari. Swali la mwisho: huo mng'ao wa lulu ni mzuri au ni dalili ya kuharibika?

MwalimuWaMaabara

Ni stiriki ambayo haikugeuka sabuni, imeganda kwa vijipande vyembamba sana vinavyorudisha mwanga. Krimu zile za zamani zilizokuwa zinapakwa na kupotea usoni zilitengenezwa hivyo makusudi, stiriki nyingi, sehemu ndogo tu ndiyo iliyogeuzwa sabuni, iliyobaki inakaa kwenye ngozi kama utando mkavu usiong'aa.

DukaLaKona

Usiong'aa? Julai hii? Kayole hatununui hiyo. Sisi tunataka mguu ung'ae mpaka kondakta akuone kutoka steji ya pili.

LosheniKayole

Ndiyo maana nimepunguza stiriki mpaka gramu 25 kwa lita na kuongeza mafuta mazito. DukaLaKona, wewe uko Kayole ipi? Nikuletee chupa mbili za kujaribu, lakini hazina harufu.

DukaLaKona

Karibu na soko, kibanda cha bluu. Leta. Nikikuta chembe hata moja narudi hapa.

MishumaaUmoja

Na mimi nina stiriki kilo mbili za ziada kama kuna anayetaka, sijui zilitoka kwa mnyama gani.

KonaYaEastleigh

Kaa nazo.